Bunduki Zilizokwenda Kuamkia

Sitawaambia Katekista alizaliwa wapi wala ukoo wake ulitokea upande gani wa ziwa. Sikuwahi kumuuliza, na yeye hakuwa mtu wa kujisimulia. Nilimkuta pale mlimani, juu kidogo ya Muleba, kibanja chake cha migomba na kahawa kikipakana na kibanja alichoniachia marehemu baba. Alikuwa tayari mtu mzima, suruali imenyooshwa pasi, rozari mfukoni, bunduki begani. Ninachokijua ni jinsi alivyokuwa, na ninachokijua zaidi ni jinsi alivyovunjika. Nitayasema yote mawili, maana wengine hulisema hilo la pili tu, tena kwa kucheka, na kicheko chao kinaniudhi.

Nianze na salamu, kwa sababu ndizo zilizomjenga na ndizo zilizomwangusha. Ukikutana na Katekista njiani, ulitakiwa utue mzigo wako chini. Aliuliza habari zako, za watoto, za mama yako, za mbuzi, za migomba, za mguu ule uliokuuma msimu wa senene uliopita. Ukijibu kwa mkato alirudia swali. Mimi ni mtu wa Bukoba mjini, mjukuu wa Mwislamu aliyekuja na biashara zake kutoka pwani, na watu wa ukoo wetu hujisifu kwa kujua kuamkiana. Babu yangu angekutana na Katekista angeomba kiti.

"Salamu ni mlango," alizoea kusema. "Anayeingia kwa dirisha ni mwizi, hata kama kaleta zawadi."

Na salamu hizo hazikuwa za watu peke yao. Kwake kila kitu kipya kilitakiwa kwenda kuamkia majirani. Mtoto aliyezaliwa, sawa, hilo linajulikana. Lakini hata baiskeli, ndama, na hata mashine ya kukobolea kahawa ya jirani wa bondeni, ambayo ililetwa juu ya mkokoteni ikazungushwa nyumba kwa nyumba huku mwenyewe akitokwa jasho na kununa. Baba aliponunua bunduki yake ya kulindia kibanja, Katekista alikuja kesho yake asubuhi akasimama uani.

"Waitu, imeshaamkia?" akauliza, kwa neno letu la heshima la Kihaya.

"Nani?" baba akauliza.

"Mgeni wako mwenye mdomo mrefu."

Baba alicheka, akaitoa risasi, wakaizungusha bunduki kwa wazee wa mtaa. Kila mzee aliishika kitako, akatafuna punje za kahawa, akaitakia heri isimuumize mtu. Baba alikuwa akikisimulia kisa hicho kila Idi. Kwa hiyo msije mkadhani wazo la bunduki kwenda kuamkia lilimjia Katekista siku moja kwa ulevi au kwa ujinga. Ulikuwa utaratibu wake wa miaka.

Watu wa mjini walishangaa, katekista na bunduki wapi na wapi? Yeye hakushangaa. Ngedere wa mlima ule hawana dini. Wanakuja kwa ukoo mzima, baba, mama, wajomba, wanamenya ndizi, wanauma kidogo, wanatupa, wanaenda kwa nyingine. Nguruwe pori ndiye mbaya zaidi, huyo hang'oi mgomba mmoja, anafyeka safu. "Mungu alimpa ngedere mikono minne," Katekista alisema. "Mimi akanipa miwili, na Serikali ikanipa leseni. Hapo tunalingana."

Lakini huyu mtu mwenye bunduki hakuweza kuchinja kuku. Mke wake alichinja, au waliitwa watoto wa jirani, yeye akaenda nyuma ya nyumba kukagua kitu kisichokuwapo. Shabaha yake ilikuwa mbaya kwa makusudi. Alipiga juu ya ngedere, majani ya mgomba yakachanika, ngedere wakakimbia kwa adabu. Nilimuuliza siku moja, nikiwa nimechoka na maneno yake ya haki ya mkulima kumiliki silaha: haki hiyo ya nini kwa mtu asiyeua?

Akasema, "Mswahili wangu, sitaki kuua. Ila nataka iwe mimi niliyeamua kutoua. Mwenye mikono mitupu huwezi kumwita mpole. Huyo ni mnyonge tu."

Mswahili wangu ndiyo jina alilonipa. Pale mlimani, Mwislamu wa mjini ni Mswahili, hata kama mama yake ni Mhaya wa Maruku kama alivyokuwa mama yangu. Sikulikataa. Lilikuwa na mapenzi ndani yake, na mzaha, na baadaye likawa na jambo jingine ambalo mtaliona wenyewe.

Ndiye aliyeniingiza kwenye Chama. Tulikuwa na chama cha wenye bunduki, kutoka Bukoba mpaka Muleba, kilichosajiliwa kihalali, chenye mwenyekiti, katibu na muhuri. Kazi yake ilikuwa kutetea wenye silaha halali: leseni zisicheleweshwe, mjane asinyang'anywe bunduki ya marehemu kabla hajaandikishwa, mzee asizungushwe ofisi kwa ofisi. Katekista alikuwa katibu. Baba alipofariki na bunduki ikaandikwa jina langu, baadhi ya wazee walinung'unika kwamba mwanamke na bunduki ni kuvunja nyumba. Katekista aliinuka. Akasema Bikira Maria alikimbilia Misri na mtoto kifuani kwa sababu hakuwa na hata gobore, na kama angekuwa nalo, Herode angefikiria mara mbili. Padre alimwita kwa ajili ya maneno hayo. Sijui waliongea nini, lakini mimi niliandikishwa.

Mwenyekiti wetu alikuwa mfanyabiashara wa Kibeta, mjini Bukoba, mwenye duka la vifaa vya ujenzi na bastola kiunoni ambayo aliigusagusa akiongea, kama mtu anayehakikisha funguo zake bado zipo. Mwanzoni alifaa. Alijua watu, milango ilimfungukia. Ila kadiri wenye maduka walivyoongezeka kwenye Chama ndivyo sisi wa vibanja tulivyogeuka kero. Wao walitaka kuzungumzia bastola na majambazi. Sisi tulizungumzia ngedere, nao wakacheka. Mikutano ikaanza kuahirishwa, uchaguzi ukasahauliwa, na muhuri ukahamia dukani kwake Kibeta, ukawa unalala kwenye droo ya misumari.

Nilimwambia Katekista tumwondoe. Wanachama wengi walikuwa wa vibanja, tungeweza.

"Mwenyekiti ni mwenyekiti," akasema, "hata akilala kwenye kiti."

"Akilala tunamwamsha."

"Ukimwamsha kwa kelele anaamka na hasira. Ngoja ataamka kwa jua."

Hili lilikuwa kosa lake na ninalisema wazi: alikuwa mtiifu mahali ambapo utii haukustahili. Alikipenda Chama kwa namna ambayo watu hupenda parokia yao, bila kumtazama sana padre aliyepo. Nilimkuta mara moja kwenye darasa la shule tulilozoea kukutania. Alikuwa amefuta ubao, amepanga madawati, amekaa mbele peke yake. Wa mjini hawakuja, na wa vibanja walikuwa wameambiwa na wa mjini kwamba hakuna mkutano. Aliponiona alisimama, akafungua kikao kwa sala, akatangaza kwamba akidi haijatimia, akafunga kikao kwa sala. Nilitaka kucheka. Nilipotazama uso wake nikaona ameumia.

Jambo jingine lililomfanya awe yeye ni Kiswahili. Wazee wa mlima ule wana Kiswahili cha kununulia chumvi. Kikizidi hapo wanakigeukia Kihaya, na Katekista ndiye aliyekuwa daraja. Matangazo yote, ya chanjo, ya mbolea, ya kodi ya ardhi, yalipita mdomoni mwake Jumapili baada ya Misa. Aliyasoma kwa Kiswahili, kisha akayapeleka Kihaya taratibu, akitafuta neno, akilipima. Alijivunia kazi hiyo kuliko bunduki. Alipenda kuonyesha jinsi maneno yanavyozaana. "Kusoma, kusomesha," angesema akihesabu kwa vidole. "Kula, kulisha. Kuenda, kuendesha. Kiswahili ni lugha ya haki, ukimjua mama unamjua mtoto."

Sasa nifike kwenye tangazo.

Lilikuja kama matangazo mengine yote. Lilisema kwamba wote wenye silaha ambazo leseni zake zimekwisha muda wazisalimishe kituo cha polisi ndani ya kipindi kilichowekwa, na hawatachukuliwa hatua yoyote. Pale mlimani leseni za wazee karibu wote zilikuwa zimepitwa na muda, kwa sababu Chama kilichotakiwa kuwafuatilia kilikuwa kimelala kwenye droo ya misumari. Katekista alilisoma kwa Kiswahili. Kisha akafanya hesabu yake ya vidole. Kusoma, kusomesha. Kusalimu, kusalimisha. Akawaambia wazee kwa Kihaya kwamba Serikali ina mkuu mpya, na kama ilivyo desturi, anataka bunduki zipelekwe zikamwamkie, na baada ya hapo leseni zitatengenezwa.

Mimi sikuwapo. Jumapili mimi siendi kanisani, nilikuwa dukani kwangu mjini nikiuza ndoo na kamba. Niliyoyajua nimeyajua kwa kusimuliwa. Walizisafisha bunduki kwa mafuta. Wengine walizifunga kwa vitenge vipya. Walivaa kanzu zao na makoti yao ya arusi, wakateremka pamoja mpaka kituo kikubwa, Katekista mbele, na bunduki yake mwenyewe mikononi. Askari wa mapokezi alishangaa kuona watu wanasalimisha silaha kwa furaha namna ile, akawapa hata viti. Kulikuwa na mzee mmoja tuliyemwita Mzee wa Mbwa, mwindaji wa zamani, rafiki wa Katekista tangu ujana wao, mwenye mbwa waliovaa kengele shingoni na gobore alilorithi kwa baba yake aliyelirithi kwa baba yake. Huyo ndiye aliyeuliza kama bunduki zitalala pale.

"Zitalala, mzee," askari akamjibu.

Mzee wa Mbwa akaridhika. Mgeni akifika mbali ni vizuri alale.

Niliporudi mlimani mwisho wa juma, Katekista alinipokea njiani na salamu ndefu kuliko kawaida. Alikuwa na furaha ya mtu aliyemaliza kazi kubwa. "Zimekwenda kuamkia," akasema. "Zote. Hata ya Mzee wa Mbwa, ambayo haijawahi kutoka kijijini."

"Zimeenda kuamkia nani?"

Akanieleza. Nikamuuliza tangazo lilitumia neno gani. Akanitajia.

"Katekista, kusalimisha si kusalimia."

"Ni kufanya isalimie."

"Hapana. Ni kukabidhi. Ni kusalimu amri. Mtu aliyeshindwa vita ndiye anayesalimisha silaha."

Alianza kuhesabu vidole. Kusoma, kusomesha. Kidole cha tatu kikabaki hewani. Alinitazama, akauliza kwa sauti ndogo, "Una hakika?"

"Nina hakika."

Hakuniambia kwaheri. Alipanda kwake polepole, na toka siku ile hakuniuliza tena maana ya neno lolote la Kiswahili, mpaka siku moja nitakayoieleza mwisho.

Watu wengi hudhani kesi iliyofuata ilikuwa juu ya bunduki. Kwa wazee ilikuwa hivyo. Kwa Katekista ilikuwa juu ya kinywa chake. Wazee walikuwa wametoa silaha za baba zao kwa sababu yeye aliwaambia, na kama hazikurudi, basi kila alichowahi kuwaambia kingekuwa na shaka. Alilijua hilo kabla ya mtu mwingine yeyote.

Chama, kwa jina tu, kilifungua kesi ya kudai bunduki zirudishwe. Wakili alikuwa kijana wa Bukoba mwenye moyo mzuri. Alituambia ukweli: kwa sheria, aliyesalimisha kwa hiari yake hana la kudai, kwa hiyo ni lazima tuonyeshe kwamba haikuwa hiari. Mwenyekiti akaamka, sijui kwa jua gani. Akaja mlimani na gari lake, akaketi sebuleni kwa Katekista, akagusagusa kiuno chake.

"Katibu, jambo ni jepesi," akasema. "Utasema polisi walikuja kijijini wakawatisha. Wazee watafuata utakachosema. Bunduki zinarudi, heshima yako inabaki, Chama kinapata jina."

"Hawakututisha," Katekista akasema. "Walitupa viti."

"Nani anajua kuhusu viti?"

"Mimi."

"Basi wewe utawaambia nini? Kwamba hukujua Kiswahili? Wewe? Unayewasomea watu Neno la Mungu?" Mwenyekiti alicheka, na mimi niliyekuwa nimekaa kwenye kona nilitamani nimmwagie chai. "Ukikosea bunduki, Katekista, watauliza na Injili ulikuwa unakosea wapi. Fikiri."

Mke wa Katekista aliacha kumenya ndizi. Sote tulimtazama mumewe. Katekista akasema, "Nimefikiri. Nitasema nilivyosema," na akainuka kumsindikiza mgeni, kwa sababu hata huyo alitakiwa kusindikizwa.

Mwenyekiti alijiuzulu juma lile na kuondoka na wenye bastola wake, wakaanzisha kikundi chao mjini. Muhuri hatukuuona tena. Tulibaki wanachama wa vibanja bila bunduki, wakili wetu, na mimi mwenye bunduki ya baba ambayo leseni yake ilikuwa hai kwa sababu niliishughulikia mwenyewe.

Mahakamani alivaa suti yake ya sherehe za parokia. Aliulizwa, akajibu. Alisema yeye ndiye aliyelisoma tangazo, yeye ndiye aliyelitafsiri, na kwamba hakulijua neno. Wakili wa Serikali, kwa upole kabisa, alimuuliza amekuwa akitafsiri kwa muda gani.

"Tangu nywele zangu zikiwa nyeusi."

"Na hukujua maana ya kusalimisha?"

"Nilidhani nalijua, waitu. Kudhani unajua ni kubaya kuliko kutojua." Kisha akaeleza, kusoma na kusomesha, kusalimu na kusalimisha, kwa vidole, kama anafundisha komunyo ya kwanza. Ukumbi ulicheka. Hakimu naye aliinamisha uso. Nyuma yetu walikuwa wamekaa waumini wake wengi, vijana aliowafundisha sala, na nilisikia kicheko chao kikiwa kirefu kuliko cha wengine.

Mzee wa Mbwa naye aliitwa. Alisimama na fimbo yake akasema kwa Kihaya, mkalimani wa mahakama akitafsiri: "Mimi nilileta bunduki kuamkia Serikali. Nimesubiri. Naomba Serikali iitikie."

Watu walicheka tena. Wakili wa Serikali ndiye pekee ambaye hakucheka. Alisimama akasema, na nadhani kwa aibu kidogo, kwamba silaha zote zilizosalimishwa katika kipindi kile zilikwisha kuteketezwa kwa mujibu wa utaratibu, hata kabla kesi haijafunguliwa. Hakuna cha kurudisha. Zimechomwa pamoja na nyingine.

Yaani Katekista alikuwa amelivua jina lake mbele ya watu kwa ajili ya majivu. Nilitoka nje nikalia, na sikuona haya kulia.

Mzee wa Mbwa hakumwambia neno. Walipanda mlima kwenye gari moja, magoti yakigusana. Asubuhi iliyofuata Katekista alikwenda kwake, akasimama uani, akaamkia. Mzee alikuwa ameketi mlangoni na mbwa wake. Alisikia, na hakuitikia. Katekista akarudia. Mbwa mmoja akatikisa kengele. Alikwenda tena siku nyingine, na nyingine, mpaka Mzee wa Mbwa akafariki msimu wa mvua, na salamu ya Katekista ikiwa bado haijajibiwa. Ninyi mnaotoka mahali ambapo watu wanapishana kimya hamwezi kujua hicho ni kitu gani. Pale kwetu hata wanaoshitakiana kwa mpaka huitikiana.

Padre hakumwondoa Katekista kazini. Ni yeye mwenyewe aliyeacha kusoma, baada ya Jumapili kadhaa ambazo kila alipofikia neno gumu kuna kijana alinong'ona nyuma, "Ipeleke ikaamkie." Chama hakikufa kwa tangazo wala kwa kikao, kilikauka tu. Lakini Katekista aliendelea kwenda lile darasa siku za mkutano, akafuta ubao, akapanga madawati. Nilienda naye mara chache za mwanzo. Baadaye nilishindwa, kwa sababu mimi sina imani ya namna ile na kumtazama kuliniumiza.

Ngedere, kwa upande wao, walijua mapema. Sijui wanajuaje. Walianza kuja mchana kweupe. Nilikuwa nikisikia kelele kwa jirani naenda na bunduki ya baba, napiga juu, wanahama kwa jirani mwingine, na siwezi kuwa kila mahali, na sheria hainiruhusu kumwazima mtu. Wazee wawili watatu waliacha ndizi wakapanda miti ya mbao. Nilimwambia Katekista nitalinda kwake kwanza, tunapakana. Alikataa.

"Nilindwe mimi niliyewaacha wenzangu wazi? Hapana, Mswahili wangu."

Alinunua debe tupu na kipande cha nondo. Kuanzia hapo ulisikia kila asubuhi mtu mzima akigonga debe kwenye migomba, mchana akigonga, alasiri akigonga. Na salamu zake zikafupika. Tulipokutana njiani alisema "Habari," nikasema "Nzuri," akapita. Mara ya kwanza niligeuka nikamtazama mgongo wake nikidhani amesahau kitu, atarudi. Hakurudi. Bunduki zilinisikitisha, lakini hilo la salamu ndilo lililoniondolea matumaini kabisa.

Mara ya mwisho kukaa naye ilikuwa siku si nyingi zilizopita. Nilikuwa nimetoka Bukoba na mkate na sukari kwa ajili ya mke wake anayeumwa miguu. Nilimkuta amekaa juu ya lile debe, nondo mapajani, kibanja chake kikiwa kimechanwachanwa, maganda ya ndizi mbichi yametapakaa. Ngedere wawili walikuwa juu ya mti wakitutazama bila wasiwasi.

"Shikamoo, Katekista."

"Marahaba." Kisha akasema, "Mswahili wangu, keti. Nina neno."

Nikaketi kwenye shina la mgomba ulioanguka.

"Kwenye Baba Yetu yetu sisi Wakatoliki," akasema, "mwishoni tunamwambia Mungu utuopoe. Utuopoe maovuni. Kuopoa ni nini hasa?"

Nilitaka kumuuliza kwa nini leo, nikaona macho yake, nikajibu tu. "Ni kutoa kitu majini. Ndoo ikikatika kamba ikazama kisimani, unaiopoa."

"Ikishazama?"

"Ndiyo. Kisichozama hakiopolewi."

Alitikisa kichwa polepole. "Mimi niliwafundisha kwamba ni kuzuia. Kwamba tunamwomba atushike mkono tusitumbukie. Watoto wote wa mlima huu nimewafundisha hivyo. Na wazee waliokwisha kufa." Akakigeuza kile kipande cha nondo. "Kumbe tunaomba tukiwa tayari ndani."

Ngedere mmoja alishuka, akachuma ndizi hatua chache kutoka tulipokaa, akaanza kumenya. Katekista alimwona na hakugonga debe.

"Na anayeopolewa," akauliza, "anatoka mzima?"

Mimi nimekulia ufukweni Bukoba. Neno hilo nimelisikia maisha yangu yote, na watu walioopolewa nimewaona wamelazwa mchangani, wamefunikwa kanga.

"Wengine hutoka wazima," nikamwambia.

Akanitazama kama alivyonitazama siku ile njiani, kidole kikiwa hewani.

"Una hakika?"

Nikachukua mkate na sukari, nikampelekea mke wake ndani.